Kipa Waliyemwita Chujio

Aliyekosa hadithi yangu wiki iliyopita simlaumu, ila ajue kwamba nilipoteza kazi ya kufua mashuka hotelini, na siku hiyohiyo nikapoteza chumba. Nikabaki barabarani na sanduku langu, katika nchi ya watu, baridi ikinipitia mpaka kwenye mifupa.

Nesi ndiye aliyenichukua. Ni mama mtu mzima wa nyumbani kwetu, anatunza wazee wa huku. Akanilaza kwake. Kisha Fundi cherehani, naye wa kwetu, akanipa kiti kwenye mashine yake ya pili. Mwezi ukazaa mwezi, kiti kikazaa mazoea, na mazoea yakazaa swali. Fundi aliniuliza kama nitakubali kuolewa naye.

Nilikubali, na hapo ndipo nilipowaachia.

Mlidhani nimefika. Hata mimi nilidhani nimefika.

Lakini kulikuwa na jambo moja nililolikalia kimya, na Jumapili ile likanitoka mdomoni mbele ya watu.

Nyie hamjui Jumapili za kwa Fundi. Siku sita ile karakana ni ya kushona. Ya saba, kama timu yetu ya taifa inacheza, mashine zinasukumwa ukutani, meza ya kukatia inabeba televisheni, na watu wa kwetu wanajaa mpaka mlangoni. Wapo wapishi, vibarua wa ujenzi, wanafunzi, na Dereva wa vifurushi anayeegesha gari la kampuni mtaa wa pili ili bosi asilione. Wiki nzima tunakunja ndimi kuzungumza lugha ya wenyeji. Siku hiyo ndimi zinapumzika. Ukitoka pale una nyuzi kwenye soksi, na sauti huna.

Na kila timu ikicheza, lazima mtu mmoja asemwe hata kama hayumo uwanjani. Kipa wa akiba. Walimpa jina la Chujio, kwa sababu aliwahi kuchezeshwa mechi moja ya kufuzu, na mipira ilipita kama maji.

"Yule hata ukimrushia mto, unapita," Fundi alikuwa akisema.

Watu wanacheka. Nami nacheka.

Chujio ni mdogo wangu. Tumbo moja, ziwa moja.

Msiniulize kwa nini sikusema. Siku ya kwanza kuingia mle nilimkuta Fundi anamsema tayari, nami nilikuwa natafuta pa kushika. Wiki ya pili niliona nikisema nitamwaibisha mwenye kiti changu. Baada ya hapo lilikuwa kama mfupa wa samaki kooni. Kumeza huwezi, kutema huwezi, na watu wanakukaribisha ule zaidi.

Basi ikaja robo fainali.

Sisi hatujawahi kufika robo fainali ya kitu chochote. Tangu Ijumaa nilikuwa sikai, sisimami. Nilishona zipu ya suruali kinyumenyume mara mbili.

"Tukishinda natangaza uchumba wetu palepale," Fundi aliniambia.

"Na tukifungwa?"

"Natangaza huku nalia."

Asubuhi ya mechi simu ikaita. Mdogo wangu. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama anaongea ndani ya kabati.

"Dada, kipa wa kwanza kifundo cha mguu kimevimba. Leo nadaka mimi."

Nilikaa juu ya ndoo ya Nesi kwa kukosa kiti.

"Mama anajua?"

"Usimwambie. Presha yake itapanda bure. Dada, hao unaoangalia nao mpira, wanasemaje juu yangu?"

"Wanakuombea," nikasema.

"Kweli?"

"Kila Jumapili wanakutaja."

Kwa hilo la mwisho sikudanganya.

Nilipofika kwa Fundi mchana, kikosi kilikuwa kinatajwa kwenye televisheni. Jina la mdogo wangu lilipotoka, karakana nzima iliguna kama watu waliopewa habari ya msiba.

"Tumekwisha," akasema Dereva. "Mimi narudi kazini."

"Kaa chini," Nesi akamwambia. "Huyo naye ni mtoto wa mtu."

Nikamtazama Nesi. Alikuwa anamenya chungwa, hana habari na mimi.

Mpira ukaanza. Wale wenye jezi nyeupe walikuja kama nyuki. Mdogo wangu akapangua wa kwanza. Akapangua wa pili. Mimi tangu kikosi kitajwe nilikuwa nimesimama nyuma kwenye pasi, nimeichomeka kwenye umeme sijui kwa ajili gani, hakuna nguo ya kupigwa pasi siku ile.

"Chujio leo limezibwa!" mtu akapiga kelele, watu wakacheka, nami nikaanza kupumua.

Karibu na mapumziko jamaa mmoja wa jezi nyeupe akapiga shuti la kivivu. Si shuti hata, ni mpira wa kumrudishia mtoto. Mdogo wangu akapiga goti, akaukumbatia, nao ukateleza chini ya tumbo lake ukaingia wavuni polepole, kama unaomba ruhusa.

Halafu karakana ikapasuka.

Kofia zilirushwa. Dereva alikuwa anapiga ukuta kwa kiganja, mkono wa pili umeshika simu inayorekodi. Fundi alipanda juu ya kiti, mishipa ya shingo imemtoka.

"Mama yake angezaa ndoo!" akapiga kelele. "Angezaa ndoo, leo tungechotea maji! Mwanamke mzima unabeba mimba miezi yote hiyo, unatuletea hiki?"

Watu walicheka mpaka wakaegemeana.

Mimi nilimwona Mama kule nyumbani. Nilimwona amekaa kwenye kile kiti chake cha plastiki mbele ya redio, mikono mapajani, anasikia mtangazaji akisema jina la mwanawe. Kama hakuna mtu aliyemwambia, sasa ameshajua. Yuko peke yake, na huku mtu ninayetaka kuolewa naye anauliza alizaa nini.

Nikachomoa pasi.

"Fundi. Rudia ulichosema."

"Nimesema mama yake..."

"Mama yake ndiye mama yangu."

Kilichosikika ni mtangazaji tu kwenye televisheni.

Dereva akajaribu kucheka. "Leo shemeji kaamka na utani."

Hapo wakarudia lile goli, kamera ikamsogelea mdogo wangu usoni. Anauma mdomo wa chini upande mmoja, kama Mama, kama mimi. Nami palepale nilikuwa nimeuuma vilevile. Dereva akaangalia televisheni, akaniangalia mimi, akaangalia tena televisheni.

"Masikio," akasema Nesi kwa sauti ya chini. "Jamani, angalieni masikio."

Fundi akashuka kwenye kiti. Alishuka kama mzee.

"Miezi yote hii?" akaniuliza.

"Nilitaka kusema."

"Mimi nakuomba nikuoe, na wewe unakaa hapo unanisikiliza namtukana mama mkwe wangu? Unakata nyuzi, unacheka?"

"Ungenifukuza."

"Ningekufukuza au nisingekufukuza, sasa tutajuaje? Hukunipa nafasi ya kuwa mtu mzuri."

Maneno hayo yaliniingia kuliko yale ya ndoo. Na yeye hakungoja jibu. Pale kwenye kona pana pazia la maua, ndiyo chumba cha wateja kujaribia nguo. Fundi aliingia humo, akavuta pazia. Karakana yake mwenyewe, mechi ya maisha yetu, na yeye amejifungia na kioo.

Watu wakashindwa kunitazama. Mmoja akaanza kuokota maganda ya machungwa ambayo si yake.

Kipindi cha pili kikaanza, na mdogo wangu akawa mtu mwingine.

Sijui niwaelezeje. Aliruka kushoto, akaruka kulia, akalala miguuni kwa watu. Mpira ulimpiga usoni akainuka akiwa anacheka. Kila akiokoa, kichwa kimoja kiligeuka nyuma kuniangalia, kisha viwili, mwishowe vyote.

"Dada wa kipa, njoo ukae mbele," akasema mpishi mmoja, akiniachia kiti.

"Nipo sawa hapa."

"Njoo bwana, unatuletea nuksi ukisimama huko."

Sikukaa. Nilizunguka. Nilipanga vifungo kwa rangi, nikavichanganya tena. Nilifungua dirisha, nikalifunga.

Tukasawazisha kwa kichwa, kona ya mwisho mwisho. Nakumbuka Nesi alinirukia shingoni, mikono yake ina maji ya chungwa, na nikahisi mtu amenikumbatia kiunoni, kumbe Dereva.

"Shemeji, mwambie asitoke golini hovyo!"

"Nimwambieje? Nimpigie filimbi kutoka dirishani?"

Muda wa nyongeza ukaenda, ukaisha. Penalti.

Pazia la maua likafunguka kidole kimoja. Kulikuwa na jicho.

Mimi sikuweza. Nilikwenda nyuma kwenye sinki, nikafungua maji, nikaanza kuosha kikombe kilichokuwa kisafi. Nilisikia tu. Kelele, kimya. Kelele, kimya. Kelele za furaha na kelele za uchungu hazifanani, mtu anazitambua hata akiwa kwenye maji.

"Kapangua!" Nesi alikuja mbio, viatu mkononi. "Wewe! Kapangua moja!"

Nikaendelea kuosha kikombe.

Ndipo mtu akanishika kifundo cha mkono. Fundi. Macho yake mekundu.

"Imebaki moja. Akiipangua hii, tumepita," akasema. "Hii utaiona kwa macho yako. Ni damu yako."

Akanivuta mpaka mbele ya televisheni, watu wakatupisha. Hakuniachia. Mchezaji wa jezi nyeupe akaweka mpira, akarudi nyuma. Mdogo wangu alisimama katikati ya lile goli, mikono chini, hachezi, hatanii. Alikuwa kama mtu anayesubiri hukumu.

Mpira ukapigwa. Akaruka.

Niliona glavu tu.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka dari ikiwa karibu, maana walikuwa wameninyanyua. Nakumbuka cherehani moja imeanguka na mwenyewe hajali. Mtu alikuwa anaimba jina la Chujio kama jina la mfalme. Jirani wa juu, mwenyeji wa huku, alikuja kugonga kwa hasira, akavutwa ndani na kukumbatiwa, akatoka amechanganyikiwa na skafu yetu shingoni.

Fundi alipanda juu ya meza ya kukatia, miguu kila upande wa televisheni.

"Nyamazeni! Mama mkwe, popote ulipo, nisamehe! Ndoo nitabeba mimi, maji nitachota mimi, mpaka nife!"

Watu wakaangua kicheko.

"Na huyu," akaninyooshea mkono, "huyu aliyeniliza leo, ni mchumba wangu. Tunaoana. Mwenye neno aseme sasa!"

Vigelegele. Nesi alipiga mpaka akakohoa. Fundi akashuka, akaniinamia sikioni.

"Usinifiche tena jambo," akasema.

"Sitakuficha."

Niliapa, na niliapa kwa moyo wote.

Simu ikatetemeka mfukoni. Mdogo wangu.

"Ndiye! Ndiye mwenyewe!" Dereva akapaza sauti, akataka kunipokonya simu, nami nikaibana kifuani. Kelele zilikuwa nyingi, nikajipenyeza kwenye kona, nikaingia chumba cha kujaribia nguo, nikavuta pazia.

"Baba!" Hivyo ndivyo ninavyomwita, kwa kuwa ana jina la baba yetu. "Umetuua kwa furaha huku! Husikii wanavyokuimba?"

Nikaziba sikio la pili kwa kiganja.

"Baba?"

"Dada, uko peke yako?"

Nilisikia maji yakimwagika upande wake, kama yuko bafuni.

"Nipo nyuma ya pazia. Unalia? Usijali, hata mimi nimelia leo..."

"Lile goli sikuteleza."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Goli lipi?"

"Lile la kabla ya mapumziko. Sikuteleza, dada. Niliuachia."

Nje ya pazia walikuwa wanaimba. Nilijiona kwenye kioo, mdomo wazi. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu wale nikamtetea mtu aliyeuachia mpira. Fundi alimtukana Mama, lakini hasira yake juu ya lile goli ilikuwa ya haki.

"Kwa nini? Nani kakupa nini?"

"Hakuna aliyenipa kitu. Ningepewa kitu ningekitupa. Tukiwa tunavaa, simu yangu ikaingia picha. Namba siijui. Wakasema lazima tutolewe leo. Watu wa kamari, dada, sijui wako wangapi. Wakasema tusipotolewa, aliye kwenye picha ndiye atakayelipa."

"Picha ya nani? Ya Mama?"

"Ya kwako."

Nikashika ukingo wa kioo.

"Picha yangu ni rahisi kuipata. Wameitoa popote. Usitishwe na..."

"Umevaa jezi ya timu," akasema. "Mkono wa kushoto una kitambaa cha rangi nyingine."

Nikautazama mkono wangu wa kushoto. Jezi ile niliimaliza jana yake usiku, palepale kwa Fundi. Kitambaa kiliniishia, nikaunga kipande cha bluu iliyopauka. Sikuwa nimeivaa mahali pengine popote duniani. Nilitoka kwa Nesi nimeibeba kwenye mfuko, nikaivaa nilipofika.

"Mbele yako pana pasi," akaendelea. "Umeishika. Unatazama pembeni."

"Hiyo ni leo," nikasema. "Hiyo ni humu ndani, kabla mpira haujaanza."

"Najua. Ndiyo maana niliuachia ule wa kwanza. Nilikusudia kuachia na mingine. Kipindi cha pili nikajiambia, huyu akipiga, lala upande mwingine. Akapiga, mwili ukaenda wenyewe. Kwenye penalti vilevile. Nilishaamua kuruka kushoto, dada. Nakuapia. Mwili ukakataa. Nimeushika mpira, watu wanashangilia, na mimi nawaza nimekuua dada yangu."

"Hujaniua. Niko hapa."

"Toka humo."

"Nitoke niende wapi?"

"Popote. Mtu aliyepiga hiyo picha alijua wewe ni dada yangu. Ulimwambia nani?"

"Kabla ya mpira sikumwambia mtu hata mmoja!"

Ila nilipokuwa nasema hivyo, akili yangu ilikuwa inakimbia kutoka uso hadi uso. Nesi, ninayelala kwake, kuta za karatasi, anayesikia simu zote ninazopiga. Nesi aliyesema huyo naye ni mtoto wa mtu. Dereva, anayejua kila mlango wa mji huu, ambaye tangu mchana yuko na simu mkononi anarekodi. Na Fundi. Fundi aliyekaa nyuma ya pazia hili hili kipindi cha pili chote, hakuna aliyemwona anafanya nini. Fundi niliyemwapia, dakika chache tu zilizopita, kwamba sitamficha jambo.

"Nitamwambia mchumba wangu," nikanong'ona. "Yeye atajua la kufanya."

"Una hakika naye?"

Mngeniuliza swali hilo asubuhi ningewacheka.

"Dada? Una hakika naye?"

"Ngoja kwanza nifikiri."

"Dada, subiri." Nikasikia simu yake ikilia kidogo, ule mlio wa ujumbe. "Wametuma nyingine. Sasa hivi."

"Mimi tena?"

"Sikuoni." Alikuwa anahema. "Ni pazia tu. Pazia la maua. Chini yake inaonekana miguu ya mtu."

Nikatazama chini. Pazia la Fundi halifiki sakafuni, wateja hulalamika kila siku. Viatu vyangu vilikuwa pale kwenye mwanga, ncha zake zimetokeza nje.

Wimbo ulikuwa umekoma. Sikujua umekoma tangu saa ngapi.

Mkono wa mtu ukashika pazia kwa nje.